Jicho Halipimi Mizani: Neno Moja la Kifaransa na Mgogoro wa Arudhi

Utangulizi

Kwa muda mrefu Ufaransa imekuwa ikiitwa shahidi katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, na ajabu ni kwamba imeitwa na pande zote mbili. Mwanamapokeo anayetaka kuonyesha kwamba kuhesabu silabi si ushamba wa watu wa mwambao hutaja mshororo wa Racine wenye silabi 12, kisha huuliza: ikiwa taifa lililojisifia ustaarabu wake lilitunga kwa hesabu, mtunzi wa Kiswahili aone haya gani? Mtetezi wa shairi huru naye hujibu kwa kuutaja mwaka 1886, ambapo jarida la La Vogue mjini Paris lilichapisha mashairi ya Rimbaud yasiyofuata hesabu yoyote, na kuhitimisha kwamba waliotangulia kuhesabu ndio pia waliotangulia kuacha. Shahidi ni yule yule; ushahidi unaotolewa kwa jina lake unapingana. Jambo ambalo halifanywi na upande wowote ni kumwuliza shahidi mwenyewe huwa anahesabuje.

Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimemtumia shahidi huyo vibaya, na kwa sababu moja: zimehesabu silabi za Kifaransa kwa jicho. Ili kulithibitisha dai hilo litachukuliwa neno moja tu, anticonstitutionnellement, ambalo kwa vizazi kadhaa limetajwa mashuleni nchini Ufaransa kuwa ndilo neno refu kuliko yote katika kamusi. Ni kielezi chenye maana ya 'kwa namna inayokwenda kinyume cha katiba', nalo lina herufi 25. Swali litakaloulizwa ni dogo: lina silabi ngapi? Itaonekana kwamba swali hilo halina jibu moja, na kwamba sababu za kukosekana kwa jibu moja ndizo zinazozibomoa hoja za wanamapokeo na za wapinzani wao kwa pamoja.

Neno moja, hesabu nne

Hesabu ya kwanza ni ya maandishi. Kwa kanuni za mgao wa silabi katika maandishi ya Kifaransa, konsonanti moja iliyo baina ya irabu mbili huandamana na irabu inayofuata, na konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa. Neno hili basi hugawanywa hivi: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment. Ni vipande 9. Huu ni mgao wa mpiga chapa, ambaye haja yake ni kujua aweke wapi kistari neno linapokosa nafasi mwishoni mwa mstari. Haumhitaji kusikia chochote.

Hesabu ya pili ni ya mdomo, yaani matamshi ya kawaida ya Paris na ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ufaransa, ambayo ndiyo pia yanayofundishwa wageni. Hapa neno hubadilika sura. Herufi an zinazolianza hazitamkwi kama a inayofuatwa na n. Ni irabu moja ya king'ong'o, inayopitisha pumzi puani bila ya ulimi kugusa ufizi. Ndivyo zilivyo pia on katika con na en katika ment. Herufi t ya mwisho haitamkwi. Herufi u katika tu si u ya Kiswahili: midomo huviringwa kama ya kutamka u, nao ulimi hukaa mbele kama wa kutamka i, na ndiyo sababu msemaji wa Kiswahili anayejifunza lugha hiyo huangukia ama u ama i. Herufi t iliyo kabla ya ion hutamkwa s. N mbili za tionnel hutamkwa kama n moja, nayo hufungua silabi inayofuata badala ya kuitia king'ong'o irabu iliyoitangulia. Kwa hiyo herufi on zile zile zilizokuwa irabu moja katika con, hapa ni o, halafu n. Mwisho kabisa, e iliyo baina ya ll na m hutoweka.

Kinachosalia mdomoni ni sauti 18 katika silabi 8. Zikikadiriwa kwa herufi zilizozoeleka, alama ya wimbi ikiwakilisha king'ong'o na nukta mbili zikiwakilisha ile u ya Kifaransa, zitakuwa hivi: ã-ti-kõs-ti-tü-syo-nel-mã. Mkazo huwa katika silabi ya mwisho ya kundi la maneno. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kuikazia silabi ya pili kutoka mwisho, hulikazia neno hili penye nel. Na akiwa ameitamka e kwa kuyafuata maandishi, basi huikazia le, yaani huutwika mkazo irabu dhaifu kuliko zote katika lugha hiyo. Huo ndio uso wa kwanza wa kosa la kuhesabu kwa jicho, na walimu wa Kifaransa katika shule za upili za Kenya wanaufahamu vyema.

Kutoweka kwa e hiyo hakutokani na uvivu wa wasemaji. Mtaalamu wa fonetiki Maurice Grammont alieleza kanuni iliyokuja kuitwa sheria ya konsonanti tatu: irabu hiyo dhaifu, shwa, hudondoshwa pale ambapo kudondoka kwake hakuzikutanishi konsonanti tatu, na aghalabu hubakishwa pale ambapo kungezikutanisha. Katika neno nettement zinabaki t na m tu, kwa hiyo e huanguka na neno huwa na silabi 2. Katika justement zingekutana s, t na m; e hubaki, na silabi huwa 3. Katika neno linalojadiliwa hapa zinakutana l na m tu, kwa hiyo e haina kinga.

Hesabu ya tatu ni ya mdomo pia, ila mdomo wa kusini. Marseille, Toulouse na maeneo yanayoizunguka miji hiyo ni makao ya matamshi yanayoihifadhi e pale ambapo Paris huidondosha. Huko neno hili lina silabi 9: ã-ti-kõs-ti-tü-syo-ne-le-mã, kwa makadirio. Msomaji mwenye haraka atasema kwamba mtu wa kusini na mpiga chapa wamekubaliana. Hawakukubaliana hata kidogo. Mpiga chapa ameikata n katikati na l katikati. Mtu wa kusini ana n moja na l moja, na zote mbili zinafungua silabi. Ni 9 mbili zisizofanana, na mhakiki anayeandika '9' bila kusema ni ipi hajasema kitu.

Hesabu ya nne ni ya ushairi. Katika arudhi ya Kifaransa iliyotawala tangu zama za Malherbe, mwanzoni mwa karne ya 17, hadi ilipoanza kupingwa katika karne ya 19, e ya namna hii huhesabiwa kila inapofuatwa na konsonanti ndani ya mshororo. Humezwa inapofuatwa na irabu. Na haihesabiwi ikiwa mwisho wa mshororo. Zaidi ya hayo, kiishio tion, ambacho mdomoni ni silabi moja, katika ushairi huo hutengwa kuwa silabi mbili: ti-on. Neno passion katika tamthilia za Racine ni silabi 3, ijapokuwa sokoni ni 2. Kwa hesabu hii neno letu la herufi 25 lina silabi 10: an-ti-cons-ti-tu-ti-on-nel-le-ment.

Nane, tisa, tisa nyingine, kumi. Lugha moja, neno moja, herufi zile zile. Anayedai kwamba mshororo wa Kifaransa una silabi kadha wa kadha kwa sababu ameziona ukurasani hana budi aulizwe kwanza ameshika mizani ya nani.

Irabu iliyokufa ikaacha urithi

Huenda ikadhaniwa kwamba hesabu ya nne ni ukaidi mtupu wa washairi. Dhana hiyo inaondolewa na historia ya neno. Kiishio ment kinatokana na neno la Kilatini mente, lililotumiwa kwa maana ya 'kwa akili' au 'kwa nia'. Nomino hiyo ilikuwa ya jinsi ya kike, na kivumishi kilichoandamana nayo kililazimika kupatana nayo. Ndiyo sababu Kifaransa hakiundi kielezi hiki kutokana na umbo la kiume, constitutionnel, bali kutokana na umbo la kike, constitutionnelle, lenye e. Herufi hiyo ambayo Mparisi haitamki ni alama ya upatanisho wa kisarufi uliofanyika karne nyingi zilizopita, na nomino iliyoudai upatanisho huo imekwisha kuwa kiambishi tamati.

Ndivyo ilivyo pia kwa kutengwa kwa ti-on. Katika Kilatini irabu i ya kiishio hicho ilisimama peke yake kama silabi, na washairi waliirithi hesabu hiyo hata baada ya mdomo kuisahau. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini lion, 'simba', ni silabi 2 katika ushairi wa kale, ilhali pied, 'mguu', ni silabi 1, ingawa yote mawili yanaonyesha i ikifuatwa na irabu. La kwanza linatoka katika neno la Kilatini lililokuwa na irabu mbili mahali hapo. La pili linatoka katika neno lililokuwa na irabu moja ambayo baadaye ilipasuka. Jicho haliwezi kulijua hilo. Hata sikio la leo haliwezi. Hulijua mtu aliyefundishwa, na Mfaransa mwenyewe hufundishwa shuleni namna ya kuhesabu mishororo ya washairi wake, kama anavyofundishwa tarehe na milima.

Hapa ndipo mwanamapokeo anapopaswa kusita. Mfano anaoutoa wa mshororo wa silabi 12 hauthibitishi kwamba kuhesabu silabi ni maumbile ya ushairi, kwamba sikio la binadamu popote alipo linaidai hesabu. Unathibitisha kinyume chake. Unaonyesha kwamba hesabu ni makubaliano ya jamii ya watunzi na wasikilizaji, yenye historia, yenye walimu, yenye mipaka. Makubaliano hayo yanaweza kudumu hata pale mdomo unapoyakana.

Na mipaka hiyo ina ukali wake. Mshororo wa aleksandrini hauna silabi 12 tu. Una kituo baada ya silabi ya 6, sawa na mpaka wa ukwapi na utao katika shairi la Kiswahili, na hakuna neno linaloruhusiwa kuupanda mpaka huo. Neno la silabi 10 likiwekwa mahali popote ndani ya mshororo wa 12 litaanza katika silabi ya kwanza, ya pili au ya tatu, na popote litakapoanza litaifunika ya 6 na ya 7 kwa pamoja. Kwa hiyo anticonstitutionnellement halina makao katika aleksandrini ya kale hata kama mtunzi angelitaka. Kiswahili kina bahati kuliko hivyo. 'Kinyume cha katiba', fungu ambalo Wakenya wamelisikia mahakamani mara nyingi tangu Katiba ya 2010, ni mizani 7. Likiongezwa 'ni' mbele yake huwa 8 na kuketi barabara katika ukwapi: ni-ki-nyu-me-cha-ka-ti-ba. Mtunzi wa gazetini angelitia vina bila jasho. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa lugha moja juu ya nyingine. Inatokana na makubaliano mawili tofauti juu ya kinachohesabiwa.

Mwaka 1886 hauwezi kuazimwa

Mtetezi wa shairi huru asifurahi mapema. Hoja yake nayo imejengwa juu ya mchanga ule ule.

Ni kweli kwamba mwaka 1886 jarida la La Vogue, lililohaririwa na Gustave Kahn, lilichapisha 'Marine' na 'Mouvement' za Rimbaud, na kwamba tungo hizo huhesabiwa miongoni mwa mashairi huru ya mwanzo katika Kifaransa. Ni kweli pia kwamba sababu za mageuzi hayo hazikuwa moja. Mwaka huo huo jarida hilo lilichapisha tafsiri za Jules Laforgue za mashairi ya Mmarekani Walt Whitman, kwa hiyo upepo wa kutoka nje ulikuwapo. Lakini sababu ambayo wahakiki wa Kiswahili huiruka ndiyo nzito kwa suala hili: katika Kifaransa cha karne ya 19 kulikuwa kumefunguka ufa mpana baina ya silabi iliyosemwa na silabi iliyohesabiwa. Mtunzi alitakiwa kuihesabu e ambayo jirani yake haitamki, na kuipasua tion ambayo mama yake anaitamka kwa pumzi moja. Suala la e bubu likawa mada ya ubishi baina ya watunzi na wanaarudhi wa kipindi hicho, na halikuwa suala la mapambo. Lilihusu iwapo shairi bado liko katika lugha inayosemwa.

Sasa aulizwe mtetezi: ufa huo uko wapi katika Kiswahili? Ni silabi gani ambayo mtunzi wa Mvita au wa Lamu huihesabu ilhali mvuvi na muuza samaki hawaitamki? Katika Kiswahili mizani na mdomo havijaachana. Msikilizaji asiyejua kusoma husikia mshororo uliopungukiwa na mizani moja na hutikisa kichwa papo hapo. Mkulima wa Provence anayeihifadhi e angekaribia kuisikia hesabu ya Racine, lakini hata yeye hatenganishi ti na on. Basi kulitumia tukio la mwaka 1886 kuwa hoja ya kuacha mizani ni kuagiza dawa bila ya ugonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ni rahisi kuubeba mgogoro wa Wafaransa ukiwa hujui uzito wake.

Hili halina maana kwamba shairi huru la Kiswahili halina haki ya kuwapo. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) kina haki ya kusomwa kwa misingi yake chenyewe: kwa anachokifanya mtunzi na urefu wa mshororo, na kimya, na taswira, na lugha ya mazungumzo. Misingi hiyo ipo na inatosha. Anayekitetea kwa cheti cha Paris anakidhulumu, kwa sababu anakifanya kionekane mwigo wa ukombozi ambao katika Kiswahili haukuwa na mnyororo wa namna ile wa kuukata.

Je, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa?

Pingamizi moja linatarajiwa, nalo lijibiwe kwa ukamilifu. Itasemwa kwamba mfano wa Kifaransa hauhusiani na Kiswahili kwa kuwa Kifaransa ni lugha ya maandishi yaliyoachana na matamshi, ilhali Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo jicho la mhakiki wa Kiswahili linatosha. Pingamizi hili ndilo limezaa uvivu mwingi katika tahakiki. Linaangushwa na neno lenye herufi 5.

Neno hilo ni 'mbaya'. Katika 'mtu mbaya' lina mizani 3: m-ba-ya. Katika 'njia mbaya' lina mizani 2: mba-ya. Herufi ni zile zile, kwa mpangilio ule ule, wala hakuna alama yoyote ukurasani inayolitenga moja na jingine. Vivyo hivyo 'mkate mbovu' ni m-ka-te m-bo-vu, ilhali 'nyama mbovu' ni nya-ma mbo-vu. Anayehesabu kwa jicho atazipa mizani sawa na atakosea nusu ya wakati.

Sababu ni ya kihistoria, kama ilivyokuwa kwa lion na pied. Katika 'mtu mbaya', m ni mabaki ya kiambishi mu ambacho kimepoteza irabu yake. Irabu ilipoanguka, nazali iliibeba silabi na kusimama peke yake. Katika 'njia mbaya', nazali ni ya ngeli nyingine, nayo imeungana na b kuwa mwanzo wa silabi moja. Linganisha na e ya Kifaransa: irabu ya Kifaransa ilianguka na silabi yake ikafa mdomoni, ikabaki katika sheria ya washairi tu, irabu ya Kiswahili ilianguka na silabi yake ikabaki mdomoni, na washairi hawakuhitaji sheria ya kuihifadhi. Katika lugha zote mbili maandishi hayasemi lililotokea.

Hayo ni ya sarufi; yako pia ya hiari. 'Mwalimu' ni mizani 3, na mtunzi anayehitaji 4 huandika 'mualimu'. 'Mungu' ni 2, na 'Muungu', umbo la kale ambalo bado linasikika katika tungo za mwambao, ni 3. 'Labda' ni mizani ngapi? Anayetamka 'labuda' ana 3. Anayeifunga silabi ya kwanza kwa b ana 2. Pande zote mbili zina watunzi, na hakuna herufi itakayowaamulia. Washairi walioandika kwa hati za Kiarabu hawakuupata uhakika wao wa mizani kutoka katika hati hizo. Waliupata kutoka katika sauti ya kughani, ambako kila mizani ina mahali pake katika mahadhi.

Kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi (1954), kilifanya kazi kubwa ya kuyaweka makubaliano ya watunzi katika maandishi ili mtu wa bara aweze kujifunza. Kosa si la kitabu hicho. Kosa ni la wasomaji waliolichukua neno 'sheria' katika jina lake kama sheria ya maumbile, wakageuza makubaliano ya kusikia kuwa kanuni ya kutazama. Kutoka hapo safari haikuwa ndefu kufikia tahakiki ambayo kazi yake ni kuchora jedwali: beti kadhaa, mishororo minne, mizani 8 na 8, vina hivi, na chini yake hukumu kwamba mshororo fulani 'umevunja mizani'.

Gharama ya kuhesabu kwa jicho

Huenda ikaulizwa kuna hasara gani kubwa katika jambo hili. Hasara ipo, na inawaangukia watu.

Inamwangukia kwanza mtunzi wa lahaja. Mtunzi wa Kimvita au Kiamu anayeandika 'Mungu' huku akighani 'Muungu' ana mshororo uliotimia. Mtahini anayepitisha ncha ya kalamu juu ya herufi huona mizani 7 penye 8 na huandika kwamba mtunzi amekosea. Aliyekosea ni aliyehesabu. Utamaduni uliotunga kwa karne kadhaa unasahihishwa na mtu ambaye hakuusikia ukighaniwa, na sahihisho hilo linaingia katika maktaba ya idara kama utafiti.

Inamwangukia pili mwanafunzi. Mwanafunzi wa uzamili anayeambiwa alinganishe arudhi za lugha mbili hufundishwa kwamba kulinganisha ni kuweka 12 ya Wafaransa kando ya 16 ya Waswahili, kisha kutoa maoni juu ya urefu. Hajaambiwa kwamba 12 ile inajumlisha silabi ambazo wasemaji wengi hawazitamki, na kwamba 16 hii inajumlisha nazali zisizo na irabu. Anazilinganisha tarakimu akidhani analinganisha mashairi. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Na mwanafunzi huyu hakupelekwa hata mlangoni.

Inauangukia tatu mjadala wenyewe. Mgogoro wa mapokeo na mabadiliko umewahi kuzaa kazi nzito: Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff (1988) ni ushahidi kwamba mtu anaweza kubisha vikali na bado akafundisha. Lakini mgogoro unaoendeshwa kwa mifano ya kigeni isiyochunguzwa hauzai ila kelele. Upande mmoja hutaja Racine bila kujua e yake. Wa pili hutaja Rimbaud bila kujua alichokuwa akikimbia. Wote wawili wameacha kuchunguza silabi ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyowakutanisha.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi kuna mambo matatu ambayo tahakiki ya ushairi katika idara za Kiswahili haina udhuru wa kuyaacha. La kwanza, kila tahakiki inayotaja idadi ya mizani ieleze inahesabu kwa kanuni gani: nazali silabi, irabu pacha na maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizofuatana yatajwe waziwazi yamehesabiwaje. La pili, hukumu ya kuvunja mizani isitolewe kabla ya mshororo kusomwa kwa sauti katika lahaja ya mtunzi, na ikiwezekana kughaniwa na mtu wa lahaja hiyo. La tatu, mfano wa fasihi ya kigeni usiletwe mezani ila na mtu aliye tayari kuonyesha, neno kwa neno, jinsi fasihi hiyo inavyohesabu. Asiye tayari kulihesabu anticonstitutionnellement kwa njia zake nne na kueleza kwa nini ni nne amwache Racine alale, na Rimbaud pia.

Masharti hayo si mazito. Mshairi asiyejua kusoma huyatimiza mawili ya kwanza kila anaposimama kughani mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake hakuna ukurasa wa kujifichia.